Gunia Si Kipimo: Safari ya Uzito Ndani ya Mizani

Mkulima wa viazi mviringo wa Umalila mkoani Mbeya, au wa Kilolo mkoani Iringa, analijua neno lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, huongezewa kilemba cha viazi juu yake, kisha hushonwa kwa kamba. Likifika barabarani huhesabiwa gunia moja tu. Lina kilo ngapi? Gunia lenyewe haliwezi kujibu, maana hutanuka kadiri linavyoshindiliwa.

Kupima ni kulinganisha kitu na kiasi ambacho hakibadiliki kwa matakwa ya muuzaji wala mnunuzi. Kilo ya Uyole, Mbeya, ndiyo kilo ya Iringa mjini. Shida ni kwamba uzito hauonekani. Mkono unausikia, lakini mkono huchoka na kusahau. Tunahitaji chombo cha kuusikia uzito kwa niaba yetu na kuugeuza kuwa kitu ambacho jicho linaweza kukisoma. Tuichunguze mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso wa mviringo kama saa.

Kazi ya kwanza ni kuhisi. Ndani ya mizani hiyo mna springi ya chuma. Mwaka 1678, mwanasayansi wa Uingereza, Robert Hooke, alichapisha kanuni yake: springi hurefuka kwa kadiri inavyovutwa. Uzito ukiwa mara mbili, nao urefu ulioongezeka huwa mara mbili, ilimradi springi haijavutwa kupita uwezo wake. Hapo uzito umegeuka kuwa urefu.

Kazi ya pili ni kukuza. Tuseme springi yetu hurefuka milimita 20 ikibeba kilo 100. Basi kilo moja huirefusha milimita 0.2 tu, na hakuna jicho la kulisoma hilo sokoni. Ndiyo maana springi huvuta ufito wenye meno, na meno hayo huzungusha gia ndogo iliyoshika mshale. Mshale wenye urefu wa sentimita 12 ukizunguka mara moja kwa kilo hizo 100, ncha yake husafiri sentimita 75 hivi. Sasa kilo moja imekuwa milimita 7.5.

Kazi ya tatu ni kuonyesha: mshale, mistari na namba.

Kuhisi, kukuza, kuonyesha. Ukishika mnyororo huo, utaielewa hata mizani ya malori pale Wenda, Iringa, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia. Katika mizani za kielektroniki za namna hiyo, lori hukanyaga bamba lililokaa juu ya vipande vya chuma. Chuma hubonyea kidogo mno. Waya mwembamba uliogandishwa juu yake hubadilika urefu pamoja nacho, na hapo ukinzani wake wa umeme hubadilika. Badiliko hilo hukuzwa kwa mitambo ya umeme, husafirishwa kwa nyaya hadi chumbani, na kutokea kama tarakimu. Kazi iliyoongezeka ni ya kusafirisha tu.

Mnyororo huu unaweza kukosea kwa namna mbili kuu. Mshale ukianzia kilo 2 nyuma ya sifuri, kila gunia litapunjwa kilo 2, liwe dogo au kubwa. Springi ikilegea, kosa hukua pamoja na mzigo: penye kilo 50 itasoma 52.5, penye 100 itasoma 105. Kosa la kwanza huonekana mizani ikiwa tupu. La pili halionekani mpaka upandishe mzigo ambao uzito wake unaujua. Kwa sababu hiyo Wakala wa Vipimo huhakiki mizani za biashara kwa mawe ya uzito uliothibitishwa na kuzibandika stika.

Kanuni za vipimo nchini zimeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao, lakini bila mizani kikomo hicho hakimlindi mtu. Ndugu mkulima, kabla gunia lako halijapanda, tazama stika na mshale kwenye sifuri. Ukiwa na shaka, ning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Kisha dai kuuza kwa kilo. Jasho la msimu mzima linastahili kuhesabiwa kwa namba.