Ngeli Iliyofichika: Uundaji na Sarufi ya Nomino katika Kiklingoni

Makala haya yanachunguza nomino za Kiklingoni, lugha aliyoibuni mwanaisimu Mmarekani Marc Okrand kwa ajili ya filamu ya Star Trek iliyotolewa mwaka 1984. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1985. Kwamba Waklingoni ni viumbe wa kubuni si sababu ya kuipuuza sarufi yao. Swali linaloulizwa hapa ni la kiisimu: je, lugha hii ina ngeli?

Kiklingoni ni lugha ambishi bainishi kama Kiswahili, ila nomino yake hupokea viambishi tamati pekee. Viambishi hivyo vimo katika makundi matano, na mfuatano wake haubadiliki: ukubwa au udogo, wingi, kiwango cha uhakika wa msemaji, umilikishi au uonyeshi, kisha uhusiano wa kisintaksia. Chukua neno qachHommeywIjDaq, 'katika vijengo vyangu': qach (jengo), -Hom (udogo), -mey (wingi), -wIj (-angu), -Daq (mahali). Herufi kubwa zilizomo si kosa la chapa, kwani q na Q ni fonimu mbili tofauti. Ritifaa nayo ni konsonanti, sauti inayokatwa kooni.

Kiini cha suala kimo katika wingi. Viumbe wenye uwezo wa kusema hupewa -pu', viungo vya mwili -Du', na vinginevyo vyote -mey. Puq (mtoto) huwa puqpu'. Ghop (mkono) huwa ghopDu'. Mtu akisema puqmey hajakosea: amesema watoto wametapakaa kila mahali. Kiswahili hutenga uhai, hivyo mbwa huingia A-WA pamoja na mwalimu. Kiklingoni hutenga usemi, na mnyama huachwa nje.

Mgawanyo huu hufichika katika umoja. Nomino nyingi huundwa kutokana na kitenzi kwa kuongeza -wI': vut (pika) huzaa vutwI' (mpishi), na So' (ficha) huzaa So'wI' (kifaa cha kufichia chombo). Kiswahili kingetofautisha mapema kwa m- na ki-, kama katika mpishi na kifuniko. Kiklingoni husubiri hadi wingi: vutwI'pu', lakini So'wI'mey. Umilikishi pia hufichua siri hiyo. 'Mpishi wangu' ni vutwI'wI', ambapo -wI' ya pili ni kiambishi kingine chenye umbo lile lile, ilhali kifaa hudai -wIj. Kumwita mpishi vutwI'wIj kunakubalika kisarufi, lakini ni tusi, kama vile mtu kuitwa jitu.

Mwenye kushikilia kwamba ngeli ni upatanisho atapinga, na ana hoja. Viambishi vya kitenzi cha Kiklingoni huonyesha nafsi na idadi tu. Kitenzi hakijali kama kiima ni mpishi au kifaa. Hata Kiswahili humuunga mkono: 'kijana' ana umbo la KI-VI, lakini 'kijana amefika'. Kwa kigezo hicho, -pu' na -mey ni maumbo ya wingi tu.

Hata hivyo, viwakilishi huidhoofisha hoja hiyo. Mpishi hurejelewa kwa ghaH na kifaa kwa 'oH. Katika wingi, chaH na bIH. Huo ni upatanisho, ingawa finyu, nao hutokea nje ya nomino yenyewe. Kwa hiyo Kiklingoni kina ngeli mbili, si tatu: viungo vya mwili vina wingi wao wa pekee, lakini havina kiwakilishi chao.