Miti ilipotafuta mfalme

Somo la Biblia kwa vikundi: Waamuzi 9:1-21 na 9:42-57

Wakristo wengi katika makanisa yetu husema kwamba siasa ni mchezo mchafu, na mtu aliyeokoka hana kazi nayo. Wengine hufanya kinyume: wakati wa kampeni mgombea hupewa mimbari, huahidi mabati ya paa la kanisa, na Jumapili inayofuata waumini huambiwa wampigie nani kura. Sura hii inagusa pande zote mbili. Tunashauri isomwe kwa sauti, polepole, kabla ya kuendelea.

Tuangalie kwanza jinsi Abimeleki alivyopata utawala. Aliwaendea watu wa ukoo wa mama yake huko Shekemu, akawakumbusha kwamba yeye ni damu yao. Hakuwaeleza atawafanyia nini. Wakampa vipande sabini vya fedha kutoka nyumba ya mungu wao, na kwa fedha hizo akakodi vijana wahuni wamfuate. Halafu akawaua ndugu zake. Ukabila, fedha za mahali pa ibada, vijana wa kukodiwa: msomaji wa Kivu au Ituri hahitaji maelezo zaidi.

Yothamu, mdogo wao aliyejificha, alisimama juu ya mlima Gerizimu akawatolea mfano. Miti ilitafuta mfalme. Mzeituni ulikataa, ukapenda kubaki na mafuta yake. Mtini ulibaki na utamu wake, mzabibu na divai yake. Mti wa miiba ndio uliokubali, tena ukaialika miti mingine ipumzike chini ya kivuli chake. (Kivuli gani?)

Mfano huu hausemi kwamba kila mti mzuri ni lazima utawale. Kutoa mafuta ni kazi njema, kama vile kufundisha, kulima au kuuguza. Lawama kubwa ya Yothamu inawaangukia watu wa Shekemu, kwa sababu wao ndio waliochagua. Baada ya miaka mitatu walipatana na moto: watu kama elfu moja, wanaume kwa wanawake, waliteketea ndani ya mnara wao.

Katika nchi yetu makanisa yamejaribu njia mbalimbali. Askofu Mkuu Laurent Monsengwo aliongoza Mkutano Mkuu wa Kitaifa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mkutano huo uliposimamishwa, Wakristo waliandamana Kinshasa tarehe 16 Februari 1992 wakidai ufunguliwe tena, na askari wakawapiga risasi. Baadaye viongozi wa dini waliwekwa kuongoza tume ya uchaguzi: padri Apollinaire Malumalu mwaka 2006, mchungaji Daniel Ngoy Mulunda mwaka 2011. Matokeo ya 2011 yalipotangazwa, Monsengwo, wakati huo Kardinali, alisema wazi kwamba hayakulingana na ukweli. Hapa tunaona hatari. Mtumishi wa Mungu akikaa kwenye kiti cha mwamuzi wa uchaguzi, ni lazima wengine wabaki huru kusimama mlimani. Kwa maoni yetu, kazi ya watazamaji wapatao 40,000 waliotumwa na maaskofu Wakatoliki (CENCO) mwaka 2018 inalifaa kanisa zaidi kuliko kiti hicho.

Januari 2025 CENCO na Kanisa la Kristo nchini Kongo (ECC) walianzisha pamoja mpango wa mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani. Februari wajumbe wao walifika Goma kuzungumza na viongozi wa AFC/M23, na wapo waliowalaumu. Kuzungumza na mtu si kumbariki. Yothamu naye alizungumza na Shekemu, ingawa baada ya hapo alikimbia kuokoa maisha yake.

Maswali ya kujadili:

Katika uchaguzi uliopita, ni nani alituambia kwamba yeye ni damu yetu? Tulimwuliza nini?

Kanisa letu lipokee zawadi ya mgombea? Ikiwa tayari imepokelewa, tufanye nini nayo?

Ni kijana gani wa mtaa wetu anayeweza kukodiwa leo, na nani kati yetu atakwenda kumwona wiki hii?