Merikebu za Wavumbuzi: Tanga Gani kwa Bahari Gani?

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu zetu mliosoma hapa zamani, kila mtu aliyepita katika darasa la historia aweza kuwataja wavumbuzi wa baharini na miaka yao bila kupumzika: Dias, 1488, da Gama, 1498, Cook, 1770. Lakini mwulize mwenzako, "Cook alisafiri kwa merikebu ya namna gani?" naye atatazama dari. Kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa, maana nahodha hawezi kufanya jambo ambalo merikebu yake haikubali. Kwa hiyo nataka kueleza habari za merikebu za namna tatu, na jinsi kila moja ilivyompa nahodha wake kitu na kumnyima kingine.

Kwanza lazima tufahamu matanga. Tanga la mraba huning'inia katika foromali iliyokatiza mlingoti. Upepo ukitoka nyuma, tanga hilo hujaa vizuri, na merikebu kubwa huenda mbio bila kuhitaji mabaharia wengi. Lakini upepo ukitoka mbele, tanga la mraba halina msaada mwingi. Tanga la pembe tatu, kama lile la jahazi, foromali yake huelekea toka omo hata tezi. Kwa tanga hilo chombo huweza kupiga bisho, yaani kwenda upande huu kidogo, kisha upande ule, na kuupanda upepo kama mtu apandaye mlima kwa njia ya kupindapinda. Mjomba wangu, aliyekuwa mvuvi katika Ziwa Victoria, hupenda kusema kwamba upepo wa nyuma hauhitaji akili. Nilidhani ni mzaha mpaka niliposoma habari hizi.

Katika karne ya 15 Wareno walikuwa wakishuka kusini kwa kufuata pwani ya Afrika ya Magharibi. Kwenda kulikuwa rahisi, kwa kuwa upepo wa kaskazini-mashariki uliwasukuma toka nyuma. Hofu yao ilikuwa kurudi. Ndipo karaveli ilipowafaa: chombo chepesi, kisichozama sana majini, chenye matanga ya pembe tatu juu ya milingoti miwili au mitatu. Kiliweza kuingia katika vinywa vya mito, tena kiliweza kurudi nyumbani kwa bisho.

Bartolomeu Dias aliondoka Ureno mwaka 1487 na karaveli mbili, pamoja na merikebu moja ya chakula. Kwa nini ya chakula? Kwa sababu tumbo la karaveli ni dogo. Aliiacha merikebu ile pwani na watu tisa, akaendelea, na mapema mwaka 1488 akapita ncha ya kusini ya Afrika bila kuiona, kwa kuwa alikuwa mbali baharini. Alipotaka kusonga mbele zaidi watu wake walikataa. Akarudi, na katika wale tisa akawakuta watatu tu wakiwa hai. Basi karaveli ilimrudisha Dias kwao, lakini haikuweza kubeba chakula cha kumfikisha Bara Hindi.

Wareno walijifunza. Merikebu mbili za safari iliyofuata, São Gabriel na São Rafael, zilijengwa huku Dias mwenyewe akisimamia kazi. Hizo zilikuwa za namna iitwayo nau: pana, zenye kina, zenye matanga ya mraba, na tanga la pembe tatu katika mlingoti wa galme tu. Vasco da Gama aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 na hizo mbili, karaveli moja, na merikebu ya chakula, pamoja na watu wapatao 170. Baada ya kuviacha visiwa vya Cape Verde hakuambaa na pwani. Alizunguka mbali katika bahari kuu kutafuta upepo wa kumsukuma, akakaa karibu miezi mitatu bila kuona nchi kavu. Safari kama hiyo isingewezekana kwa karaveli tupu; maji na chakula vingekwisha njiani.

Mwezi wa Aprili 1498 alifika Mombasa, kisha Malindi. Sultani wa Malindi alimpa rubani. (Vitabu vingi vimeandika kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, lakini wataalamu wengi wa siku hizi hawakubali.) Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ikianza kuvuma, na baada ya siku zipatazo 23 waliiona Bara Hindi. Upepo wa nyuma, matanga ya mraba: hapo nau ilikuwa mahali pake kabisa.

Sasa tazameni kurudi kwao. Manahodha wa majahazi walijua tangu zamani kwamba mtu atokaye Bara Hindi kuja kwetu Afrika ya Mashariki hungoja kaskazi ishike barabara, karibu na mwezi wa Desemba. Da Gama alikuwa amekosana na mtawala wa Calicut, akaondoka huko mwisho wa Agosti, na mapema mwezi wa Oktoba akaanza kuivuka bahari. Merikebu zilezile, bahari ileile, nahodha yuleyule. Lakini safari ya siku 23 sasa ilichukua karibu miezi mitatu. Mara bahari ilikuwa shwari, mara upepo ulitoka mbele, na matanga makubwa ya mraba hayakuwa na la kufanya. Kiseyeye kikawaingia. Ufizi ulivimba hata kufunika meno, wasiweze kula. Watu 30 walikufa katika kuvuka huko, na katika kila merikebu walibaki saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi.

Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499, wagonjwa walitamani machungwa, wakaletewa. Hakuna aliyejua habari za vitamini wakati ule. Wengine walikuwa wamedhoofu mno, wakafa palepale bandarini. Siku chache baadaye, karibu na Tanga, waliichoma moto São Rafael kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha merikebu tatu. Kila nisomapo habari hii nashangaa: merikebu iliyopita Rasi ya Tumaini Jema yateketezwa na wenyewe, kwa kukosa mikono ya kuvuta kamba. Katika wale 170 hata nusu hawakuiona Lisbon tena. Wala tusisahau kwamba tumbo lile pana la nau lilibeba mizinga pia. Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zilishambuliwa na kuporwa na Wareno waliokuja kwa njia hiyohiyo.

Tuache karne mbili na zaidi zipite. Mwaka 1768 serikali ya Uingereza ilitaka merikebu ya kumpeleka James Cook katika Bahari ya Pasifiki. Haikuchagua manowari nzuri yenye madoido. Ilinunua merikebu ya kuchukulia makaa ya mawe, iliyojengwa Whitby mwaka 1764, ikaipa jina Endeavour. Omo yake ilikuwa butu na mwendo wake wa polepole. Lakini Cook alijifunza ubaharia katika merikebu za makaa, akazijua. Tumbo lake lilimeza chakula cha watu zaidi ya 90 kwa muda mrefu, na chini ilikuwa bapa, hata iliweza kulazwa mchangani bila kupinduka.

Usiku wa tarehe 11 Juni 1770 Endeavour ilipanda mwamba wa matumbawe upande wa mashariki wa Australia. Walitupa baharini mizinga sita na vitu vingine vizito, wakavuta bomba za maji kwa zamu, hata maji yalipojaa tena usiku wa pili ikaelea. Kisha walipitisha chini yake tanga lililopakwa sufu na nyuzi za kamba, likavutwa na maji na kuziba tundu. Waliiingiza katika mto, wakailaza ufukoni, wakaona kipande cha tumbawe kimevunjika na kukwama ndani ya tundu lenyewe. Hakufa hata mtu mmoja mwambani. Walakini walipotia nanga Batavia, mji uitwao leo Jakarta, malaria na kuhara damu viliwashika, wakafa zaidi ya 30 mjini humo na katika safari iliyofuata.

Endeavour ilirudi Uingereza mwaka 1771, baadaye ikauzwa, ikaitwa Lord Sandwich na kuchukua askari. Mwaka 1778 Waingereza waliizamisha wenyewe huko Newport, Marekani, pamoja na nyingine, ili kuwazuia Wafaransa wasiingie bandarini. Mwaka huo Cook alikuwa mbali, upande wa kaskazini wa Pasifiki, juu ya merikebu iitwayo Resolution. Nayo pia ilijengwa Whitby, kwa kuchukua makaa.