Bushi za springi zinagoma kuingia

Swali: Fundi, nimenunua bushi mpya za mpira za springi za nyuma za Hilux. Nagonga kwa nyundo, haziingii, moja imeanza kuchanika. Nimeuziwa saizi siyo?

Jibu: Huenda saizi ni sahihi kabisa, bushi lazima ibane, ikiingia kwa ulaini italegea mapema. Weka nyundo chini. Kwanza egemeza chasisi kwenye stendi imara, usitegemee jeki peke yake. Sugua kutu yote ndani ya tundu la springi kwa msasa, kisha paka maji ya sabuni. Oili na grisi ya kawaida huulainisha mpira na kuuharibu. Sasa pitisha bolti ndefu katikati ya bushi, weka washa pana upande mmoja na kipande cha bomba upande wa pili, ukaze nati taratibu. Bushi itavutwa ndani ikiwa imenyooka. Ile iliyochanika usiifunge.

Na hili wengi hulisahau: usikaze nati za mwisho gari likiwa juu. Lishushe likanyage magurudumu yake, ndipo ukaze. Ukikazia hewani, mpira utabaki umejipinda na utakatika upesi.