Nikikosa Mlimani, nimeshindwa?

*Bibi, niko kidato cha sita, mchepuo wa PCM, hapa Ruvuma. Kwenye moko nimepata Kemia B, Fizikia C na Hisabati D, yaani Divisheni I ya pointi 9. Tangu utotoni nataka kuwa mhandisi wa umeme, na chuo ninachokitaka ni Mlimani tu, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baba ameshawatangazia ndugu. Mwalimu wa taaluma anasema niombe na vyuo vingine, hata stashahada pale Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), lakini mimi naona huko ni kurudi nyuma. Niambie ukweli, nafasi ninayo? – S.M., Songea*

Mjukuu wangu S.M., kwanza hongera. PCM si lelemama, na binti anayetoka na Divisheni I kwenye moko, mtihani ambao walimu wengine huutunga mgumu makusudi ili kuwatia adabu, hakubahatisha. Umeomba ukweli. Nitakupa, ingawa sehemu yake haitakufurahisha.

Hesabu ya nyumbani na hesabu ya chuo

Nyumbani mnahesabu divisheni. Humo A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na kadiri zinavyopungua ndivyo mtu anavyosifiwa. Zako ni 2, 3 na 4, jumla 9. Umeingia Divisheni I kwa kusimama ukingoni kabisa, maana 10 ingekuwa Divisheni II.

Kwenye udahili mambo hugeuka. A huwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, tena hayajumlishwi masomo yote. Kwa uhandisi wa umeme, masomo yanayofungua mlango ni Fizikia na Hisabati. C yako ni 3, D yako ni 2, basi una 5. Ile B ya Kemia iliyoibeba divisheni yako, na ambayo nadhani ndiyo iliyomfanya baba apige simu kwa ndugu, hapa haiongezi kitu.

Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) imeweka kiwango cha chini cha pointi 4 katika masomo mawili husika. Wewe una 5. Kwa hiyo sifa ya kuomba unayo, na asikutishe mtu.

Lakini kuomba si kuingia

Chuo kina idadi ya viti. Waombaji hupangwa kuanzia wenye ufaulu wa juu, viti vikijaa vimejaa, na aliyebaki nje anaweza kuwa na sifa zote zilizoandikwa kwenye mwongozo. Umeme, ujenzi na kompyuta ndiko wengi wanakokimbilia, wakiwamo wenye A na B zao. Kwa pointi 5, mlango wa umeme pale Mlimani ni mwembamba sana. Usijidanganye, wala usikubali kudanganywa na anayekupenda. Hisabati ikipanda hadi B utakuwa na 7, na hapo mazungumzo ni mengine.

Asikutajie mtu asilimia. Ushindani wa mwaka wako utaamuliwa na vijana ambao, kama wewe, bado hawajaingia kwenye chumba cha mtihani.

Hiyo D

Hukuniandikia alama zenyewe, na hilo ndilo ningependa kulijua kuliko yote. D inaanzia 50 hadi 59. D ya 51 na D ya 59 zina jina moja tu, lakini hali zao ni tofauti kabisa. Nenda kwa mwalimu wako wa Hisabati, omba karatasi zako za moko, mkae mzipitie swali kwa swali. Mtihani wa kwanza wa Hisabati una maswali 10, yote ya lazima, kila moja alama 10. Hamna kuchagua. Mwanafunzi aliyeamua kuwa kikokotoo hakina maana kujifunza vizuri, au akaiacha mada ya makadirio ya nambari kwa sababu mwalimu aliipitia haraka, ameshatupa alama 10 kabla ya kuandika namba yake ya mtihani. Ninyi mnaopenda Fizikia mna tabia hii: mnarudia kutwa mada mnazozipenda. Tafuta mada mbili ulizozikimbia, uzikalie hadi zikuchoshe. Kupanda kutoka D kwenda C kunaweza kuwa ni hizo mbili tu.

Kemia usiitupe, ila usiipe tena saa za usiku ambazo ni haki ya Hisabati.

Hiyo unayoiita kurudi nyuma

Hapa, mjukuu wangu, nitakuwa mkali kidogo.

Pale DIT palianza kufundishwa ufundi mwaka 1957. Mlimani ilifungua kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973. Sasa nani yuko nyuma ya nani? Tena DIT haitoi stashahada pekee, inatoa na shahada ya uhandisi wa umeme, ambayo unaweza kuiomba moja kwa moja ukitoka kidato cha sita. MUST ya Mbeya nayo inatoa shahada ya umeme, na kutoka Songea ni karibu kuliko Dar. Stashahada yenyewe ni njia ndefu, sikatai: kwa kawaida miaka mitatu, kisha minne ya shahada, na ili uvuke unatakiwa uwe na GPA isiyopungua 3.0. Lakini anayevuka hufika chuo kikuu akiwa ameshafunga paneli kwa mikono yake, wakati wenzake wanaijua kwa mchoro.

Na siku ya kusajiliwa, Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) hutazama shahada inayotambulika na uzoefu wako kazini. Haimuulizi mtu kama alipitia stashahada.

Ninachokihofia zaidi ni kung'ang'ania jina la chuo. Nimeona watoto waliokosa uhandisi wakapokea kozi yoyote ile, ilimradi iwe Mlimani, ili nyumbani wasiaibike. Mwaka wa pili barua zao hunifikia. Hawapendi wanachosoma, mkopo unahesabiwa, na kuanza upya ni aibu kubwa kuliko ile waliyoikwepa.

Omba hivi

Weka umeme wa Mlimani chaguo la kwanza. Ni haki yako. Chini yake usirundike kozi za majina makubwa tu. Tazama pia uhandisi wa kemikali na usindikaji, ambako Kemia ndiyo roho ya masomo, ila soma masharti yake kwanza. Kisha omba DIT na MUST, kila kimoja kwa ada yake ya maombi. Stashahada iwe akiba ya mwisho. Ukidahiliwa zaidi ya chuo kimoja, utathibitisha kimoja tu.

Kuna jambo dogo linalowaumiza wengi. Matokeo hutoka Julai, wakati baadhi yenu mko kambini JKT, na maombi humkuta mtu hana simu wala nafasi. Basi mtoto anamwachia kijana wa steshenari kila kitu: namba ya mtihani, nywila, hata machaguo. Kijana anaweka namba yake mwenyewe ya simu ili asisumbuliwe. Siku ujumbe wa kuthibitisha chuo unapotumwa, unaingia kwenye simu ya mtu aliyekwisha kukusahau. Andika machaguo yako kwa mkono kabla ya kuondoka, mwachie mama au mwalimu unayemwamini, na namba ya simu iwe ya nyumbani kwenu.

Kuhusu baba: hajakosea kujivunia binti yake. Kaa naye jioni moja, umwonyeshe hesabu ile ya 5, umwombe awaambie ndugu kuwa unasomea uhandisi, bila kutaja chuo. Akikataa, mwombe mwalimu wa taaluma azungumze naye. Mzazi humsikiliza mwalimu pale anapomwona mtoto anabisha.

Na cheti chako cha kuzaliwa kipeleke kihakikiwe RITA mapema, kabla dirisha la Bodi ya Mikopo halijafunguliwa. Usingoje Julai.