Kingamwili za VVU: Kwa Nini Mwili Huchelewa?



Ndugu wanafunzi, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila ugonjwa una dawa yake, na akatuhimiza kuitafuta. Leo tutazame utafutaji mmoja ambao Rwanda yetu imeshiriki: kingamwili zinazozuia aina nyingi za VVU.

1. Tatizo liko wapi?

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na seli B ili kunasa vijidudu. Aliyeambukizwa VVU huzipata ndani ya wiki chache, na ndizo zinazoonekana katika vipimo vingi. Lakini nyingi hazikizuii kirusi. VVU hujinakili kwa makosa mengi, hivyo umbo lake halitulii. Tena miiba yake imefunikwa na sukari kama ya mwili wetu wenyewe. Kingamwili iliyonasa kirusi cha leo hushindwa na cha kesho.

2. Zinakomaaje?

Kuna sehemu chache ambazo kirusi hakiwezi kuzibadilisha ovyo, kama ile kinayoshikia seli za CD4. Kuzifikia ni kazi. Ndani ya tezi za limfu, seli B hubadilisha jeni za kingamwili zake: zinazonasa vizuri huchaguliwa, nyingine hufa. Kirusi hubadilika, seli hukifuata, mara nyingi, kwa miaka. Utafiti uliofuatilia watu 439 walioambukizwa karibuni, kutoka Rwanda, Kenya, Uganda, Zambia na Afrika Kusini, ulikuta takriban asilimia 15 tu waliofikia kingamwili zenye uwezo huo mpana.

3. Je, hao wamepona?

Hapana. Zinapokomaa, virusi vilivyomo mwilini mwao huwa vimeshabadilika na kuzikwepa, na vingine vimejificha ndani ya seli. Bado wanahitaji dawa za kufubaza VVU kila siku. Asiwadanganye mtu kwamba kinga ya mwili inatosha.

4. Chanjo inaingia wapi?

Wanasayansi wanataka kuuongoza mwili katika njia hiyo kabla ya maambukizi. Hatua ya kwanza ni kuamsha seli B adimu zinazoweza kufika huko. Jaribio la IAVI G003, lililoanza mwaka 2022, liliwachanja watu 18 wasio na VVU huko Kigali na nchini Afrika Kusini. Matokeo ya mwaka 2025 yalionyesha kuwa kwa asilimia 94 yao seli hizo ziliamka. Hiyo si kinga bado. Zinahitajika chanjo nyingine za kuzikomaza.

Tunachoondoka nacho

Chanjo haijapatikana. Basi tujihifadhi na zinaa, tupime, na wanaofunga ndoa wapime kabla ya nikahi. Anayetumia dawa tumsaidie aendelee nazo, wala tusimnyanyapae. Na enyi mnaosoma sayansi hapa Rusizi, kazi iliyobaki inawangoja.

Wallahu a'lam.