Usinunue Chombo Kikiwa Majini: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Mtu wa Bura

Ukitoka Bura ukapata kazi Kilifi au Mtwapa, kodi ya nyumba itakusumbua, na siku moja utaonyeshwa yoti kuukuu au mashua ya mbao inayouzwa kwa bei ya chini. Utajiuliza kwa nini usilale humo. Wazo si baya. Lakini sisi tuliokulia chini ya milima ya Taita tunajua kukagua ng'ombe na shamba; chombo hatukijui, na muuzaji atalitambua hilo ukifungua tu kinywa. Basi shika haya.

Usinunue chombo kikiwa majini. Sehemu usiyoiona ndiyo itakayokufilisi. Kreni haihitajiki: wakati wa bamvua, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 3. Mwambie mwenye chombo akilaze mchangani maji yakiwa yamejaa, au akiegemeze kwenye magogo kama kina mkuku mrefu, nawe ungoje yapwe. Ukikataliwa, rudi zako. Ukikubaliwa, una saa chache tu, kwa hiyo fika na fundi wako, si wa muuzaji, pamoja na nyundo ndogo na bisibisi.

Kama ni cha mbao, choma bisibisi bila huruma. Anza na mkuku, kisha mataruma, kisha pale mbao zinapokutana na fashini. Bisibisi ikizama, usijadiliane bei. Tazama pia vitundu: mdudu wa baharini huingia kwa tundu dogo mno usiloweza kulitilia shaka, kisha hula mbao kwa ndani kwa urefu. Ndiyo maana mabaharia wa pwani hukipandisha chombo mara kwa mara, wakakichoma chini kwa moto wa makuti na kukipaka deheni, yaani chokaa na mafuta ya mnyama. Muulize mwenyewe mara ya mwisho alifanya hivyo lini. Akianza kuhesabu miaka, umeshajibiwa. Na usisahau juu: maji ya mvua huozesha mbao za sitaha kuliko maji ya chumvi.

Kama ni cha faibaglasi, gonga na usikilize. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio mzito kwenye sitaha maana yake maji yameingia kati ya tabaka. Malengelenge machache chini ya chombo yanatibika, lakini yakienea chini nzima, hiyo ni kazi ya miezi. Angalia michirizi ya kutu kwenye boliti za mkuku. Kagua nyaya zinazoshika mlingoti. Zikiwa na zaidi ya miaka kumi, au uzi mmoja umekatika, weka gharama ya kuzibadilisha zote.

Usinunue chombo kwa kuvutiwa na mito na rangi mpya.

Usitoe fedha zote siku ya kwanza. Mwenye shilingi 400,000 atafute chombo cha 200,000. Nusu iliyobaki si akiba. Ni ya valvu, pampu, tanga, betri na rangi ya chini. Nalisisitiza hili kuliko yote, kwa sababu chombo cha bei nafuu kisichotengenezwa ni mzigo usiouzika. Na usitamani urefu: futi 26 hadi 30 zinamtosha mtu mmoja au wawili, na kila futi ya ziada unailipia kila mwaka.

Usiguse yoti ya kigeni isiyolipiwa ushuru. Yako maboti yaliyoingia nchini kwa ruhusa ya muda, yakaachwa. Ukinunua moja, deni la forodha linaweza kukufuata wewe. Dai risiti za KRA. Kisha, kabla ya kutoa hata arubuni, nenda kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya uulize kuhusu usajili, ukaguzi na leseni ya chombo hicho.

Lala ndani usiku mmoja kabla ya kulipa, ikiwezekana katika mvua za Aprili au Mei. Godoro litakuonyesha panapovuja.

Usipike kwa makaa ndani, na usiweke mtungi wa gesi chini ya sitaha. Moshi wa makaa huua mtu usingizini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama ngamani, na cheche moja ya swichi inatosha. Mtungi ukae nje.

Usitegemee kamba ya katani kwa nanga. Mkonge wa Mwatate ni fahari yetu, lakini kamba yake hunywa maji na kuoza ndani huku nje ikionekana nzima. Nunua nailoni, inayonyumbuka upepo wa kusi unapovuta. Uwe na nanga mbili.

Jifunze kuogelea kwanza. Hili halina mjadala, wala usimpandishe mtoto asiye na jaketi la kujiokolea.

Usirudi Bura kwa Krismasi au matanga ukakiacha chombo peke yake. Chombo kikuukuu huvuja, na pampu hukaa kimya betri ikiisha. Mlipe mvuvi jirani akague ngama kila asubuhi, akaze kamba, afue maji. Mwachie ufunguo, ndoo na namba ya fundi wako, na umpe malipo yake kabla hujapanda gari la Voi.